Arobaini Ugenini: Namna ya Kujipanga Unapopata Mtoto Mbali na Kwenu

Kwa desturi ya Unguja na Pemba, mwanamke mwenye mimba ya kwanza hurudi kwao siku zake zinapokaribia, na hapo hubaki mpaka arobaini itimie. Mama yake humpikia, mkandaji huja asubuhi na jioni, shangazi humwosha mtoto, wifi hufua, na majirani huingia na kutoka na mabakuli ya uji na supu. Mume huwa kama mgeni katika shughuli hiyo: huja kumtazama mkewe, huleta fedha na kitoweo, kisha huondoka. Yote haya hufanyika bila ya mtu kukaa na kuyapanga, kwa kuwa kila mmoja anaijua kazi yake tangu utotoni.

Mzanzibari anayejifungulia London, Cardiff au Manchester hana hata mmoja wa watu hawa mlangoni pake. Maelezo haya ni yake yeye na mumewe, na pia ni ya mama aliyeko Wete au Mkunazini ambaye anataka kumsaidia mwanawe na hajui aanzie wapi. Nimeielekeza kalamu yangu zaidi Uingereza kwa sababu ndiko nilikozalia na ndiko nilikokaa na wazazi wengine wa kwetu. Aliyeko Muscat, Oman, aghalabu hupata jamaa na majirani wanaosema Kiswahili, na mzigo wake huwa mwepesi kidogo. Shauri langu kubwa ni moja: arobaini ni kazi za mikono mingi, na ugenini mikono hiyo haiji mpaka iitwe. Kila kazi itajwe kwa jina lake na ipate mwenyewe kabla ya mtoto kuzaliwa.

Kugawa kazi

Mimba ikifika mwezi wa saba, mke na mume wakae pamoja na waandike kila kitu ambacho kingefanywa kama mke angekuwa kwao: kupika, kufua, kumwosha mtoto, kumkanda mzazi, kumshika mtoto ili mama yake alale, kwenda dukani, kupokea wageni, kupokea simu, kufuatilia karatasi. Mbele ya kila kazi liandikwe jina la mtu na wiki atakayoifanya. Kazi iliyobaki bila ya jina ndiyo itakayomwangukia mzazi mwenyewe saa ambayo hajiwezi.

Angalieni sana wiki ya tatu mpaka ya sita. Wiki ya kwanza haina taabu ya watu. Simu hazikatiki, wageni wanakuja na zawadi, na mume yuko nyumbani. Lakini likizo ya kisheria ya baba nchini Uingereza haizidi wiki mbili. Baada ya hapo mume anarudi kazini, wageni wameshaona mtoto, na mzazi anabaki na kuta nne na mtoto asiyelala. Kwa hiyo wanawake wa kwetu wanaposema "ukihitaji kitu niambie", wajibiwe papo hapo kwa siku na kazi maalumu: huyu alete chakula kila Jumanne wiki ya tatu, yule aje Ijumaa akae na mtoto kwa muda wa saa mbili ili mzazi alale. Nimeona mara nyingi kwamba watu hufurahi wanapopewa kazi inayojulikana, na hukaa kimya wanapoachwa wakisie.

Mume naye ajifunze mapema. Ajue kubadilisha nepi, kumwosha mtoto, kupika uji na kufunga mkaja, yaani kitambaa cha kumkaza mzazi tumbo. Wapo wanaume wanaoona haya kufanya kazi ambazo nyumbani ni za wanawake, lakini Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na sioni ni nani kati yetu aliye na heshima kubwa zaidi ya kupoteza.

Mama akija kutoka nyumbani

Ikiwa uwezo upo, kumleta mama ndiyo njia bora kuliko zote. Viza ya matembezi ya Uingereza kwa kawaida humruhusu mtu kukaa hadi miezi sita. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na uamuzi mara nyingi hutoka ndani ya wiki tatu tangu mwombaji alipotoa alama za vidole. Kwa wakaazi wa Unguja na Pemba jambo hilo lina maana ya kuvuka kwenda Dar es Salaam, kwa hiyo nauli na siku za kulala huko zihesabiwe. Mama aonyeshe kwamba ana sababu za kurudi: nyumba, shamba, kiinua mgongo, watu anaowatunza. Nyinyi muonyeshe mahali atakapolala na fedha za kumhudumia, pamoja na barua ya mkunga inayotaja tarehe ya kujifungua.

Watu wengi hukata tiketi ili mama afike kabla ya uchungu. Mimi ningependekeza afike siku chache kabla ya likizo ya mume kwisha, kwani hapo ndipo pengo linapofunguka. Akatiwe bima ya safari, kwa sababu mgeni hutozwa gharama za matibabu ya kulazwa hospitali, na zinaumiza. Dawa zake za presha au sukari azichukue za kutosha, zikiwa ndani ya vifungashio vyake na karatasi ya daktari. Pilipili manga, iliki na mdalasini mkavu aje navyo. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingizwa kutoka kwetu, na samli imo humo. Aiache, kwani itachukuliwa uwanja wa ndege.

Asipoweza kuja, simu itumike kwa mpango. Zanzibar inatangulia London kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Mtoto anapoamka saa nane ya usiku mwezi wa Januari, Unguja ni saa kumi na moja alfajiri, na mama yako yuko macho kwa ajili ya sala. Mzazi mmoja niliyekaa naye alikuwa akiiegemeza simu kwenye mtungi wa maua, ananyonyesha, na mama yake Chake Chake anapepeta mchele upande wa pili. Kuna wakati walikaa nusu saa bila ya kusema neno. Saa zile ndizo nzito kuliko zote ugenini, na kwa bahati ndizo ambazo nyumbani kumekwisha kucha.

Jambo jingine la simu ni kwamba mabibi huwa wawili, na maagizo yao hayafanani. Kila mmoja azungumze na mama yake mwenyewe. Mke asiachiwe kumkatalia mavyaa wake, yaani mama wa mumewe. Kubalianeni pia mapema kama picha za mtoto zitapelekwa kwenye makundi ya simu kabla ya arobaini, maana wengine hawapendi, na picha ikishatoka hairudi.

Mwili wa mzazi

Chakula cha uzazi hakina shida ugenini, kwani viungo vyake vinapatikana kwenye maduka ya Wahindi na ya Waafrika katika miji mingi. Kaangeni pilipili manga bila ya mafuta mpaka inukie, itwangeni, na muiweke ndani ya chupa yenye kifuniko kabla ya mwezi wa tisa. Siku ya siku ikifika, mume atakoroga vijiko vitatu vya unga wa mchele kwa maji baridi mpaka mabonge yaishe, atamimina ndani ya maji yanayochemka huku akikoroga, atatia tangawizi iliyoparwa na nusu kijiko cha chai cha pilipili ile, kisha atamalizia kwa tui la kopo, sukari na chumvi kidogo. Moto uwe mdogo baada ya kutia tui, na asiache kukoroga, la sivyo litakatika. Supu ya kuku ipikwe nyingi na igandishwe kwenye vibakuli vya mlo mmoja mmoja.

Kukandwa kunahitaji uangalifu zaidi. Nyumbani kazi hii inafanywa na mtu aliyeizoea miaka mingi. Ugenini itafanywa na mume au shoga anayejaribu. Kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto, yasiyounguza mkono wa anayekanda, kinatosha mgongoni, mabegani na kiunoni. Tumbo lisibonyezwe na asiyejua. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo, wala asifungwe mkaja wa kubana, mpaka kidonda kipone na mkunga au daktari aridhie. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa shavu la mguu, usikandwe hata kidogo: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuukanda kunaweza kulisukuma bonge hilo mpaka kwenye mapafu. Huyo ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo ya damu kuganda, kukaa ndani kwa arobaini kusigeuke kulala kitandani kutwa. Mzazi atembee chumbani, ashuke ngazi akiweza, na anywe maji ya kutosha.

Mtoto: ya kuchukua na ya kuacha

Desturi zetu nyingi zinakwenda sambamba na wanayoyasema wakunga wa huko. Mtoto kuwekwa kifuani kwa mama yake tangu dakika za mwanzo, kunyonyeshwa kila anapotaka, kubebwa badala ya kuachwa alie, yote hayo mtayasikia kliniki. Maziwa ya mwanzo ya manjano, yaani dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa kama wazee wengine walivyokuwa wakiagiza. Ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Kwa miezi sita mtoto hahitaji maji, wala dawa ya chango, wala uji mwepesi. Ikifika siku ya tano au ya sita, nepi sita au zaidi zenye mkojo kwa siku nzima ni dalili kwamba maziwa yanamtosha, na jibu hilo mpewe kila bibi atakayesema kwamba mtoto analia kwa njaa.

Tahniki, yaani kumpaka mtoto mchanga kitu kitamu kaakaani, ifanywe kwa tende iliyolainishwa sana, kwa kiasi cha kupaka tu. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga. Wanja wa macho nauacha kabisa, ingawa najua unavyopendwa kwetu: aina nyingi za wanja zina madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo unaokua. Ubani usifukizwe chumba alalacho mtoto. Mbali na king'ora cha moshi kitakachowatoa majirani wote nje, mapafu yake hayauwezi. Anayetaka kuweka mvuje, ule utomvu wenye harufu kali unaowekwa kuwa kinga, auweke mbali na mtoto, wala pasifungwe kamba yoyote shingoni wala mkononi mwake. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi, bila ya mafuta, jivu wala dawa ya unga.

Kulala ndiko kunakogombanisha watu zaidi. Mtoto alazwe chali, kwenye kitanda chake kilicho tupu bila ya mto wala blanketi zito, ndani ya chumba cha wazazi kwa miezi sita ya mwanzo. Hatari kubwa kuliko zote ni mama aliyechoka kupitiwa na usingizi kwenye kochi akiwa amempakata mtoto. Mkimwona anasinzia hapo, mtoeni mtoto. Baridi nayo huwatia watu wa pwani hofu, wakamvisha mtoto kofia na soksi na makoti ndani ya nyumba yenye joto. Chumba cha nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi kinafaa, na ndani ya nyumba mtoto alale bila ya kofia. Mguse kifua au kisogo ili kujua joto lake, kwani mikono na miguu ya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa mzima.

Jua la Uingereza haliwatoshi watoto wetu. Mtoto anayenyonya hupewa matone ya vitamini D, maikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu kuzaliwa, na wenye ngozi nyeusi wasilipuuze hilo. Ngozi yetu pia huficha umanjano. Mtazameni mtoto weupe wa macho, fizi na viganja, mkiwa karibu na dirisha mchana. Akiwa wa manjano ndani ya saa 24 za mwanzo, hilo ni la haraka.

Kujua wa kumwita

Wakunga huja nyumbani katika siku za mwanzo, na siku ya tano hivi humtoboa mtoto kisigino kuchukua damu ya kupima maradhi ya kuzaliwa nayo. Kati ya siku ya 10 na ya 14 huja muuguzi wa watoto anayezungukia majumbani. Wako wazazi wa kwetu wanaowaona watu hawa kama wakaguzi, wakaficha uchovu wao na kusema kila kitu kiko sawa. Waambieni ukweli, ziara zile ndizo mbadala wa pekee wa shangazi aliyebaki Mchangani. Anayeona tabu kwa Kiingereza ana haki ya mkalimani bila ya malipo, na ni bora asiwe mume, kwa sababu yapo mambo ambayo mwanamke hayasemi mbele ya mumewe.

Namba 111 ni ya ushauri, saa zote. Namba 999 ni ya dharura. Mzazi anayelowesha pedi nzima ndani ya saa moja, anayekosa pumzi au kuumwa kifua, mwenye kichwa kinachouma sana na macho yanayoona ukungu, au mwenye homa na kutokwa na uchafu unaonuka, asisubiri simu ya nyumbani. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, au anayekataa kunyonya na kulegea, naye apelekwe bila ya kuchelewa.

Huzuni inahitaji jicho la mume. Kulia bila ya sababu katika wiki ya kwanza ni kawaida, na mara nyingi hupita kabla ya wiki mbili kwisha. Ikizidi hapo, mzazi asipolala hata mtoto akilala, asipotaka kumshika, au akisema kwamba watu wangekuwa salama bila yeye, huo ni ugonjwa, na Uingereza humpata zaidi ya mama mmoja kati ya kumi ndani ya mwaka wa kujifungua. Nyumbani watasema ni husda au shetani. Kisomo kisomwe, dua iombwe, na daktari aonwe siku hiyo hiyo. Mzazi anayeona au kusikia vitu visivyokuwepo, au anayetaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja, na 999 ipigwe.

Jina na karatasi

England na Wales mtoto lazima asajiliwe ndani ya siku 42. Scotland ni siku 21. Mashauriano ya jina baina ya mabibi na mababu, ambayo kwetu hufanyika kwa raha, yafanywe kabla ya kuzaliwa. Zaidi ya jina lenyewe kuna swali la ukoo. Sisi humpa mtoto jina lake, la baba na la babu. Tuseme baba ni Khamis Juma Makame: binti akiandikwa Salma Khamis Juma, kwa macho ya Waingereza ukoo wake ni Juma na wa baba yake ni Makame, naye baba ataulizwa kila kiwanja cha ndege kama mtoto huyu ni wake. Mnaweza kushika mtindo wetu na kusafiri na cheti cha kuzaliwa kila mara, au mkamwandika kwa jina la mwisho la baba. Mimi nashika mtindo wetu. Vyovyote mtakavyochagua, tahajia iwe ile ile iliyomo kwenye pasi zenu, herufi kwa herufi. Khamis na Hamis ni watu wawili mbele ya karani.

Wanandoa wenye ndoa inayotambuliwa kisheria wanaweza kumtuma mmoja wao kusajili, na cheti cha ndoa kutoka Zanzibar kiwe tayari. Waliofunga ndoa msikitini Uingereza bila ya kuisajili serikalini wahudhurie wote wawili, vinginevyo jina la baba linaweza kukosekana kwenye cheti.

Kuzaliwa Uingereza peke yake hakumpi mtoto uraia wa huko. Mzazi mmoja lazima awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Kwa sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtoto aliyezaliwa nje hupata uraia kwa kurithi iwapo baba au mama ni raia wa Tanzania ambaye yeye mwenyewe hakuupata uraia wake kwa njia hiyo ya kurithi. Fuatilieni pasi yake ubalozini mapema, hata kama hamna safari ya karibu.

Akiki na kutoka

Adhana sikio la kulia na ikama la kushoto baba atazisoma mwenyewe. Hakuna haja ya kumsubiri shekhe. Akiki ningeshauri ichinjwe nyumbani Zanzibar, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, kwa sababu Uingereza kuchinja uani ni kosa na pia kwa sababu ndugu walioikosa arobaini watapata sehemu yao ya kuisimamia. Nywele zikinyolewa siku ya saba, thamani ya madini ya fedha yenye uzito wake itolewe sadaka popote palipo na mhitaji.

Kati ya wiki ya sita na ya nane daktari wa familia humpima mtoto, na mzazi naye hufanyiwa uchunguzi wake. Andikeni maswali kwenye karatasi, kwa kuwa muda wake ni mfupi: kidonda, mkojo unaovuja, usingizi, uzazi wa mpango. Chanjo za huko huanza wiki ya 8, kisha ya 12 na ya 16, ilhali kwetu ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hiyo msishtuke mkiambiwa kutoka nyumbani kwamba mtoto amechelewa. Chanjo ya BCG ya kifua kikuu, ambayo Zanzibar hutolewa mtoto anapozaliwa, Uingereza hawapewi watoto wote. Mwenye mzazi, bibi au babu aliyezaliwa Tanzania anastahiki, kwa kawaida akiwa na siku 28 hivi. Ikiwa siku hizo zimepita na hamkuitwa, muulizeni muuguzi siku ya chanjo ya kwanza na mtaje wazi kwamba nyinyi ni watu wa Zanzibar.